Paukwa ya Runinga na Mtunzi Asiyetajwa

Kila mwalimu wa fasihi simulizi nchini anafahamu kwamba hadithi haianzi pale mhusika wa kwanza anapotajwa. Huanza mapema kidogo, mtambaji anapotamka "Paukwa!" na hadhira ikaitikia "Pakawa!" Maneno hayo mawili hayana habari ndani yake. Hayatuambii sungura alikwenda wapi wala fisi alikula nini. Hata hivyo kazi yake ni kubwa, maana huwatoa watu katika mazungumzo ya bei ya unga na mvua iliyochelewa, na kuwaingiza katika uwanja ambamo wanyama husema na uongo si dhambi. Hayo tunawafundisha wanafunzi wetu na kuwatungia maswali ya mtihani. Kisha tunarudi nyumbani, tunawasha runinga, na paukwa inayotoka humo tunaichukulia kuwa kelele ya kusubiria kipindi.

Ninazungumzia muziki wa kufungulia kipindi: zile sekunde thelathini au arobaini ambazo majina ya waigizaji yanapita na mama aliye jikoni anajua, bila kuona chochote, ni kipindi gani kimeingia. Madai yangu ni kwamba muziki huo ni usemi kamili, kwamba unaweza kuchanganuliwa kama tunavyochanganua usemi mwingine wowote, na kwamba watu wanaoutunga wanafanya kazi ya mtambaji ilhali hatuwapi hata nusu ya heshima tunayompa mtambaji. Wapo wenzangu katika idara za fasihi watakaosema kwamba sanaa ya kuagizwa na kulipiwa kwa dakika haifai kuingia darasani. Nitajaribu kuwajibu kwa kumtumia mtu mmoja.

Wakenya waliotazama runinga ya taifa katika miaka ya 1980 na 1990 hawahitaji kuelezwa vichekesho vya Kiingereza ni nini. Mind Your Language, kile kipindi cha mwalimu Jeremy Brown na darasa lake la wageni wanaohangaika na sarufi ya Kiingereza, kilitengenezwa London kuanzia mwaka 1977, na hapa kwetu kilipendwa mno. Wapo watu wazima ambao hadi leo ukiwaimbia noti chache za mwanzo watakumalizia zilizobaki. Muulize yeyote kati yao nani aliutunga muziki ule, naye atakutazama kama aliyeulizwa jina la fundi aliyechonga mlango wa benki. Ni Max Harris. Huyo naye angestahili makala yake; leo namwacha kando, kwa kuwa nataka kumzungumzia mwenzake wa zama zilezile aliyefanya kazi upande wa BBC, na ambaye mbinu zake zinamgusa mwanaisimu kwa namna ya pekee. Jina lake ni Ronnie Hazlehurst.

Alizaliwa mwaka 1928 mjini Dukinfield, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, katika eneo la viwanda vya pamba. Babake alikuwa mfanyakazi wa reli na mamake alifundisha piano. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akawa karani katika kiwanda cha pamba, huku akipiga koneti, ala iliyo nduguye tarumbeta, katika bendi. Alijiunga na BBC mwaka 1961, na kufikia mwaka 1968 alikuwa ndiye msimamizi wa muziki katika idara ya burudani. Kwa miaka mingi iliyofuata, mtayarishaji wa kichekesho aliyetaka muziki wa kufungulia kipindi chake alijua mlango wa kubisha. Waliotazama Mashindano ya Nyimbo ya Ulaya ya mwaka 1977, yaliyofanyika Wembley, walimwona akiiongoza okestra ya wimbo wa Uingereza akiwa amevaa kofia ya duara ya makarani wa London na ameshika mwavuli uliokunjwa badala ya kijiti cha kiongozi. Hata hapo alikuwa mfanyakazi wa nyuma ya pazia aliyechungulia mara moja kisha akarudi kazini. Alifariki kisiwani Guernsey tarehe 1 Oktoba 2007.

Nije sasa kwenye kiini. Mwaka 1973 BBC ilianza kuonyesha kichekesho kilichoitwa Some Mothers Do 'Ave 'Em. Anwani hiyo ni msemo wa mitaani, na maana yake ni kama kusema: wapo akina mama waliojaliwa watoto wa namna hiyo! Husemwa mtu mzima anapofanya jambo la kipumbavu. Mhusika mkuu, Frank Spencer, aliyeigizwa na Michael Crawford, ni kijana mwenye nia njema na bahati mbaya isiyo na kikomo. Kila anachokigusa huanguka, na kisipoanguka huwaka moto. Hazlehurst alipoagizwa kutunga muziki wa kukifungulia, aliichukua anwani yenyewe, akaiendeleza herufi kwa herufi katika alfabeti ya Morse, akawapa wapiga filimbi ndogo, zile zenye sauti nyembamba ya juu, wazipulize nukta na vistari hivyo. Muziki wa kipindi ni anwani ya kipindi. Ukiijua Morse unaweza kuisoma kwa masikio.

Hebu tuitazame kazi hiyo kwa jicho la fundi. Katika Morse herufi S ni nukta tatu, O ni vistari vitatu, M ni vistari viwili, na E ni nukta moja. Basi neno la kwanza la anwani linadai sauti tatu fupi, tatu ndefu, mbili ndefu, kisha moja fupi. Msomaji anayekumbuka habari za mabaharia ataona kwamba herufi mbili za mwanzo, S na O, ndizo zinazoanza ile ishara ya kuomba msaada ambayo mataifa yalikubaliana kuitumia mwaka 1906. Yaani filimbi inaanza kana kwamba meli inazama, kisha inageuka na kusema jambo jingine. Sidai kwamba mtunzi alilipanga hilo. Lugha yenyewe ilimpa zawadi. Nimeihesabu anwani nzima, ritifaa zikiwekwa kando: herufi 18, zenye nukta na vistari 42.

Na ritifaa hizo hazikosi umuhimu. Anwani imeandikwa kwa matamshi ya watu wa kawaida wasioitamka H ya mwanzo wa neno, na ritifaa ndiyo inayoshika nafasi ya sauti iliyodondoshwa. Sisi tunaijua alama hiyo katika ng'ombe na ng'ambo, na washairi wetu huitumia wanapofupisha neno ili mizani isizidi. Hazlehurst aliziacha ritifaa, akapuliza herufi zilizobaki tu. Maana yake ni kwamba H iliyomezwa na watu wa mitaani imemezwa na filimbi vilevile. Lahaja imehifadhiwa ndani ya wimbo usio na neno hata moja.

Hapa ndipo mpinzani wangu atanyanyua mkono. Ni nani, atauliza, katika mamilioni ya watazamaji, aliyekaa na kalamu akiandika nukta na vistari? Na ujumbe usiosomwa na yeyote ni ujumbe wa aina gani? Ni swali zuri, na jibu lake halipatikani katika Morse bali katika mwendo wa wimbo. Mtunzi anayefuata sikio lake huelekea kutunga kwa ulinganifu, nne kwa nne, nane kwa nane, kama mguu unavyopenda kutembea. Alfabeti ya Morse haijali miguu ya mtu. Herufi ndefu inafuatwa na fupi, pengo linatokea pasipotarajiwa, nukta moja inabaki peke yake. Matokeo ni wimbo unaochechemea, unaojikwaa na kuinuka, na ambao hautulii chini ya mguu. Huyo ni Frank Spencer mwenyewe akiteremka ngazi. Msikilizaji hakuhitaji kuisoma siri ili kuipata athari yake. Washairi wa pwani wanalielewa jambo hili tangu zamani. Utendi wa Dura Mandhuma hufuata mpangilio wa herufi za Kiarabu, na msikilizaji asiyejua kusoma hata alifu huufurahia. Lakini mshairi asingeupata umbo lile bila kujifunga kamba ile ya herufi.

Nikiwa mwanaisimu, siwezi kulipita jambo hili bila kulilinganisha na ngoma zinazosema. Katika eneo la Kisangani, kwenye mto Kongo, watu wa kabila la Lokele walikuwa na ngoma ya gogo lililochimbwa, yenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Mmishonari Mwingereza John Carrington aliishi nao miaka mingi, akajifunza kuipiga, na mwaka 1949 akachapisha kitabu kuihusu. Kilokele ni lugha ya toni: kila silabi hutamkwa juu au chini, na ngoma huiga mpangilio huo. Kwa kuwa maneno mengi hufanana kwa toni, mpiga ngoma hasemi neno tupu. Neno lenye maana ya mwezi na neno lenye maana ya kuku yana toni zilezile, basi fundi huliongezea kila moja sifa zake, mwezi kwa namna unavyoitazama dunia kutoka juu, kuku kwa sauti anayoitoa, mpaka msikilizaji aliye mbali asiweze kukosea.

Tofauti na mtindo wa Hazlehurst ni kubwa na inafaa kufundishwa. Ngoma ya Walokele huiga usemi. Hupita moja kwa moja kutoka kinywani hadi kwenye gogo. Morse haiigi usemi hata kidogo. Huiga maandishi. Mtu asiyejua kusoma anaweza kuielewa ngoma, lakini Morse hawezi kuielewa, kwa sababu nukta zile zinasimamia herufi, na herufi ndizo zinazosimamia sauti. Kwa hiyo filimbi ya kichekesho kile haisemi. Inaendeleza maneno kama mtoto wa darasa la kwanza mbele ya ubao. Na hata ndani ya Morse lugha imeacha alama za vidole vyake: E imepewa nukta moja tu kwa kuwa ndiyo herufi inayotumika zaidi katika Kiingereza. Laiti mfumo ule ungebuniwa kwa ajili ya Kiswahili, nukta hiyo moja ingekwenda kwa A. Kiswahili, tofauti na Kikuyu, Kikamba au Dholuo, hakina toni za kutofautisha maneno, na ndiyo maana ngoma zetu za pwani, pamoja na ufasaha wake wote, hazikuweza kusema kwa mtindo wa Kisangani. Tulikuwa na mbiu ya mgambo, nayo ilitosha: ilipolia, watu walijua kuna jambo, kisha wakangoja maneno.

Kazi yake nyingine inayotajwa mara kwa mara ni ya kichekesho Are You Being Served?, kilichoanza mwaka 1972 na kuendelea hadi 1985. Mandhari yake ni duka kubwa la ghorofa, lenye wauzaji wanaochukiana kwa adabu. Hapo Hazlehurst alizitumia sauti za rejista ya fedha, droo ikifunguka na kengele yake ikilia, kuwa ndizo zinazopiga mdundo, huku sauti ya mwanamke ikitaja bidhaa za kila ghorofa kama inavyotangazwa ndani ya lifti. Ni tanakali za sauti, si zaidi, na nadhani ndiyo kazi yake iliyozeeka upesi. Tanakali hudumu maadamu kitu kinachoigwa kingali kinasikika. Mwanafunzi wa leo anayelipia soda kwa simu hajawahi kusikia droo ile ikilia. Kwake mdundo ule ni mdundo tu. Walimu wanaofundisha kwamba tanakali zinaeleweka na kila mtu popote pale wana la kujifunza hapa.

Mbinu ya tatu ni ya hali ya juu zaidi. Yes Minister, kilichoandikwa na Antony Jay na Jonathan Lynn na kuanza kuonyeshwa mwaka 1980, kinahusu waziri, Jim Hacker, anayeamini kwamba anatawala wizara, na katibu wake wa kudumu, Sir Humphrey Appleby, anayehakikisha kwamba hatawali chochote. Silaha ya katibu huyo ni sarufi. Anaweza kuanza sentensi, akaitilia vishazi juu ya vishazi, akaizungusha kama mto wenye kona, na ifikapo kituo kikuu waziri amesahau alichouliza. (Sisi tuliozoea kujibiwa kwamba suala letu "linashughulikiwa na idara husika" tunaifahamu lugha hiyo bila mkalimani.) Kwa kipindi hicho Hazlehurst aliujenga muziki wake juu ya mlio wa kengele za saa kubwa ya Bunge la Westminster.

Mlio huo una noti nne tu, zinazopangwa na kupangwa upya kadiri robo za saa zinavyopita. Ulitungwa mwaka 1793 kwa ajili ya kanisa moja mjini Cambridge, ukahamia Westminster katikati ya karne iliyofuata, na tangu mkesha wa mwaka mpya wa 1923, BBC ilipourusha hewani kwa mara ya kwanza, umekuwa sauti ya dola ya Uingereza duniani kote. Kuutumia ni kile ambacho wahakiki wetu huita mwingilianomatini: unalileta andiko moja ndani ya jingine, na kila analobeba la kwanza linaingia nalo. Noti nne zikisikika, msikilizaji ameshaona jengo, mto, wabunge, na heshima yote ya kale. Mtunzi hakuhitaji kuikejeli heshima hiyo. Aliivisha tu mwendo wa okestra yenye kujitukuza kidogo kuliko inavyostahili, kisha akamwachia Sir Humphrey amalizie. Kuna ukweli mwingine uliofichika humo, nao ni kwamba kengele za saa huzunguka. Hazifiki popote, hurudi zilikoanza, na mawaziri huja na kuondoka chini yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake bora kwa upande wa maana, ingawa ile ya filimbi ndiyo inayonichekesha.

Lakini ikiwa mtu ataniomba mfano mmoja wa ujasiri, sitaichagua hata moja kati ya hizo. Nitaichagua Last of the Summer Wine. Kichekesho hicho cha Roy Clarke, kilichoanza mwaka 1973 na kupigiwa picha katika mji wa Holmfirth na vilima vyake, Yorkshire, kinawahusu wazee watatu wasio na kazi wala haraka, wanaozurura mashambani wakifanya utoto. Hazlehurst alikitungia muziki wa polepole, mpole, wenye kinanda cha mdomo, unaosikika kama jioni ya mwisho kabla ya baridi kuanza. Wakubwa wa BBC hawakuupenda. Muziki wa kichekesho, walisema, hauwezi kuwa mtulivu namna ile; wakamtaka auharakishe ili uchekeshe. Mwishowe ukakubaliwa ule wa kwanza, wa polepole.

Mzozo huo mdogo una uzito kuliko unavyoonekana. Wakubwa walidhani kazi ya paukwa ni kutangaza utanzu: hiki ni kichekesho, kaeni tayari kucheka. Mtunzi alifahamu kwamba kazi yake ni kutangaza ulimwengu. Wazee wale wanachekesha kwa sababu siku zao zimebaki chache na wao wanazitumia kuteremkia vilima ndani ya beseni la kuogea. Ukiuondoa unyonge huo ukaacha mateke na mianguko peke yake, kinachobaki ni sarakasi. Muziki ndio uliokuwa ukisema, kila juma, jambo ambalo wahusika hawakuruhusiwa kulisema kwa vinywa vyao. Kipindi hicho kilidumu miaka 37, hadi Agosti 2010, na katika muda wote huo kilifunguliwa kwa muziki uleule. Hakuna shaka nani alikuwa na haki katika mabishano yale.

Si kwamba kila alichokigusa kilikuwa dhahabu. Mtu anayefanya kazi kwa wingi kama ule hutoa pia vitu vya kawaida, na baadhi ya muziki wake wa michezo ya bahati nasibu ya runinga ni honi tupu za sherehe zinazoweza kubandikwa popote. Hilo halinisumbui. Malenga aliyeitwa kila arusi mtaani hakutunga shairi la kudumu kila Jumamosi. Kinachonisumbua ni imani tuliyoirithi kwamba sanaa ya kweli ni ile iliyotungwa kwa ajili ya mtu kujiridhisha, na kwamba tarehe ya mwisho, malipo na masharti ya mteja huiua. Ushairi wetu wenyewe unakataa imani hiyo. Nyimbo za arusi, tenzi za kuombwa na wakubwa, mashairi ya kujibizana gazetini ambayo sharti yaingie kabla ya ukurasa kufungwa: yote ni sanaa ya kuagizwa, na yote yalitungwa ndani ya mipaka. Hazlehurst alikuwa na sekunde arobaini na anwani aliyoandikiwa na mwingine. Mshairi wa tarbia ana mishororo minne yenye mizani kumi na sita kila mmoja. Sioni tofauti ya daraja kati yao.

Walimu wa Kiswahili na wa muziki wangeweza kulifanyia kazi jambo hili kesho asubuhi bila kusubiri mtaala. Mpe mwanafunzi kipindi cha hapa nyumbani anachokipenda, mwambie aufunge macho na kuusikiliza muziki wa kukifungulia, kisha aandike ukurasa mmoja: unatangaza ulimwengu gani, kwa ala zipi, unakopa nini kutoka muziki ambao hadhira inaujua tayari, na je, ungeweza kufungulia kipindi kingine bila mtu kugundua? Swali la mwisho ndilo kali. Muziki ulionunuliwa tayari kutoka rundo la muziki wa bei nafuu hulishindwa mara moja, na mwanafunzi ataona tofauti bila kuambiwa. Kisha mwambie atunge kianzio cha hadithi kwa neno lililoendelezwa kwa Morse, akipiga dawati kwa kalamu. Darasa litakuwa na kelele, nami ningependelea kelele hiyo kuliko kukariri sifa tano za fanani.

Jambo hili lina haraka yake. Tangu mwaka 2017 kampuni ya Netflix imewawekea watazamaji kitufe cha kuuruka mwanzo wa kipindi, na wengine wakafuata. Kidole kimoja, na paukwa haipo. Mtazamaji anatupwa katikati ya kisa kama mgeni aliyeingia nyumbani bila kupiga hodi. Ninaelewa kwa nini mtu anayetazama vipindi sita mfululizo hataki kuusikia muziki uleule mara sita; mtambaji naye hasemi "Paukwa" kila aya. Ila mtayarishaji anayejua kwamba mwanzo utarukwa hana sababu ya kumlipa mtu wa kuufikiria, na ujuzi usiolipwa hauna wanafunzi.

Wala hatuwezi kutegemea kumbukumbu itunze kile ambacho jina halikukitunza. Hazlehurst alipofariki, magazeti kadhaa makubwa ya Uingereza yaliandika taazia zake, na ndani yake yakamsifu kwa kushiriki kutunga Reach, wimbo wa vijana ulioimbwa na kundi la S Club 7 mwaka 2000. Hakuutunga. Mtu fulani asiyejulikana alikuwa ameuingiza uzushi huo katika ukurasa wake wa kamusi elezo ya Wikipedia, na waandishi, kila mmoja akiwa na haraka yake, wakaunakili bila kuupima. Masahihisho yakachapishwa baadaye. Wanafunzi wangu wa shahada huambiwa kisa hiki katika juma la kwanza la somo la utafiti, na kwa kawaida huwacheka waandishi wale. Mimi hunigusa kwa sababu nyingine. Mtu aliyesikika sebuleni kwa mamilioni ya watu kila juma kwa zaidi ya miaka thelathini alijulikana kidogo mno kiasi kwamba, siku ya kumzika, wenye kalamu walilazimika kuuliza alifanya nini, wakamuuliza mzushi. Watunzi halisi wa wimbo ule ni Cathy Dennis na Andrew Todd.

Watayarishaji wetu wa vichekesho humtaja mpiga picha, mshonaji wa mavazi na hata aliyepika chakula. Wamtaje na aliyetunga muziki wa kufungulia, kwa jina lake kamili, na wauache mstari huo uonekane kwa muda wa kutosha kusomeka.